Kumtafsiria Mchoma Ghala wa Malaba

Katika miaka ya sabini nilikuwa mkalimani wa mahakama ya Busia. Kazi yangu ilikuwa kuyachukua maneno ya Kiteso au ya Kiluhya, kuyaweka katika Kiswahili au Kiingereza mbele ya hakimu, kisha kumrudishia mshtakiwa kilichosemwa. Kesi zetu nyingi zilikuwa za ng'ombe walioingia shamba la mtu, za sukari iliyovushwa mpakani kwa magendo, za wanaume waliopigana kwenye pombe. Hizo nilizizoea. Iliyonisumbua ni ya mchukuzi wa Malaba aliyechoma ghala la vitambaa.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mabega yaliyoshuka kwa kubeba magunia stesheni kwa miaka mingi. Siku ya soko, jua likiwa utosini, alimwaga mafuta ya taa kwenye mlango wa ghala la mfanyabiashara mmoja akawasha kiberiti. Hakukimbia. Alivuka barabara akasimama upande wa pili, akaziba masikio. Ndani alikuwa amelala mlinzi, mzee wa Bukhayo, ambaye alitoka akipiga mlango uliokuwa unawaka kwa mikono mitupu. Hakufa, lakini mikono yake iliungua mpaka kwenye viwiko. Watu wa sokoni wangemmaliza yule mchukuzi hapo hapo kama askari wa kizuizi cha forodha wasingekuwa karibu.

Alipoletwa kortini mara ya kwanza, hakimu alisoma mashtaka. Hakimu wetu alikuwa mtu mpole wa maneno machache, mwenye kikohozi kisichokwisha. Nilimtafsiria mshtakiwa kila neno, nikamwuliza kama ni kweli au si kweli.

Alinisogelea akanena polepole kwa Kiteso. Niligeuka nikamwambia hakimu, "Anasema, wazime kwanza. Hawezi kusema wakati wanasikiliza."

"Wazime nini?"

Nilimwuliza. "Anasema, ukuta."

Watu wachache walicheka. Wengine, nawakumbuka vizuri, waliutazama ukuta.

Lazima nieleze jambo hili, kwa sababu wakati ule umepita. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na utawala wa wanajeshi, na watu walikuwa wanavuka kwa njia za vichochoro wakiwa na kifurushi kimoja kichwani, wakisimulia jinsi jirani alivyochukuliwa kwenye gari na hakuonekana tena. Ilisemekana wapelelezi wa kule walikuwa wamejaa upande wetu. Mtengeneza saa alishukiwa. Muuza njugu aliyekaa siku nzima bila kuuza alishukiwa. Hata nyumbani kwangu, mke wangu alikuwa akiniuliza habari za Tororo, huko ng'ambo, kwa kunong'ona, na mlango umefungwa. Mtu aliyesema anasikilizwa hakuwa anasema jambo geni Busia. Alikuwa anasema waziwazi lile sisi tulilokuwa tunalificha.

Mwendesha mashtaka, inspekta wa polisi, hakuamini. Tulipotoka nje alisimama karibu nami chini ya paa la baraza, akawasha sigara.

"Huyu anatuchezea," alisema. "Kuna mtu alimlipa achome lile ghala. Sasa anafanya wazimu ili asimtaje."

"Nani alimlipa, afande?"

"Wewe unanijibu kama wakili wake." Alinitazama. "Wewe ni wa wapi?"

"Moding."

"Na mama yake huyu mshtakiwa anatoka wapi?"

Sikujua mama yake anatoka wapi. Nilikuja kujua kwamba ni Moding pia, ng'ambo ya kijito kutoka kwetu, na inspekta alikuwa amejua kabla yangu.

Kesi iliahirishwa mara kadhaa. Kila mara jibu lilikuwa tofauti, na kila mara nililitoa kama nilivyolipokea. Siku moja alisema hakimu anasoma habari vizuri, lakini redio yake iko mbali na watu hawatamsikia. Siku nyingine alinyamaza kabisa, akawa anahesabu vifungo vya shati lake na kurudia. Hakimu alimwuliza inspekta kama huyu mtu anaelewa yuko wapi. Inspekta akajibu kwamba rumande anakula, analala, anajua siku ya nyama, na alipoambiwa uji umekwisha aligombana kama mtu yeyote mwenye akili zake.

Siku hiyohiyo nilimwona mtu nisiyemjua katika benchi la nyuma. Alikuwa amevaa shati la kiraia lakini viatu vyake vilikuwa vya askari, vimepigwa rangi vikang'aa. Kila mara mshtakiwa aliposema, midomo ya yule mtu ilicheza kidogo, halafu alinikazia macho mpaka nimalize kutafsiri. Nilielewa mara moja. Alikuwa Mteso wa mahali pengine, ameletwa kunipima mimi.

Nilianza kujishuku mwenyewe. Mshtakiwa aliposema kitu kisicho na kichwa wala mkia, nilijiuliza, nikikiacha hivi kilivyo, watasema nimemfanya mwendawazimu kwa sababu ni mtu wa kwetu? Nikikinyoosha kidogo kieleweke, je, sitakuwa nimempeleka jela? Nilikiacha kilivyo. Jasho lilinitoka mpaka hakimu akaniuliza kama naumwa.

Sikuambiwa yule mtu alisema nini. Inspekta aliacha tu kunisalimia kwa wiki nzima, kisha akaanza tena kama kawaida.

Nisije nikasema kwamba mimi nilikuwa na hakika. Siku moja, askari wakimpitisha mshtakiwa mlangoni, alisimama mbele yangu, akanitazama machoni, na kwa Kiteso kilichonyooka kama cha mwalimu akaniuliza, "Unasema vizuri sana. Nani anakulipa?"

Nilishtuka. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu. Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza, labda inspekta anaona sawa, labda huyu mtu anatucheka sote.

Hakimu ndiye aliyekata shauri. Alisema sheria haimruhusu kumsikiliza mtu ambaye huenda hawezi kujitetea, na kwamba swali hilo si lake wala la polisi kulijibu bila msaada. Akaagiza daktari wa akili wa serikali, aliyekuwa akizunguka mkoa, amwone.

Daktari alikuja na gari la vumbi jingi. Alikuwa mtu wa pwani, bado kijana, mwenye Kiswahili kilichotutia aibu sisi wa bara. Tulipewa chumba katika hospitali ya wilaya, chenye meza moja na dirisha la wavu. Tulikuwa daktari, mimi, mshtakiwa, askari mmoja, na inspekta, ambaye hakuwa amealikwa lakini alikuja.

Kwanza daktari alinigeukia mimi. "Bwana mkalimani, nakuomba jambo. Usimsaidie. Akikata sentensi katikati, nawe kata katikati. Akisema neno lisilo la lugha yoyote, niambie hivyo hivyo."

"Ndivyo ninavyofanya siku zote," nilijibu, na nafikiri sauti yangu ilikuwa na ukali.

"Naamini. Lakini nimewahi kutafsiriwa na watu wema."

Alimsalimia mshtakiwa kwa Kiteso kibovu, "Yoga," na mshtakiwa akaitikia. Nilitarajia maswali makubwa, lakini alimwuliza kama alikula asubuhi. Alimwuliza anamfahamu huyu bwana mwenye kofia. Mshtakiwa akasema ni polisi. Akamwuliza, "Yule anayekaa kiti cha juu kule kortini, kazi yake nini?"

"Anatuma habari."

"Kwa nani?"

"Kwa wale wa ghala."

"Polisi wanasema ulifanya nini?"

"Wanasema nilizima."

"Ulizima nini?"

"Lile ghala lilikuwa linasema. Mchana kutwa lilikuwa linasema jina langu, na watu wa Kampala wanaandika. Nililizima."

"Kortini akija mtu akasema uongo juu yako, utafanyaje?"

Mshtakiwa alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wote wanasema sauti moja. Nitambishia nani?" Halafu alisema maneno mengine, nami nikamwambia daktari, "Hapa sielewi. Ametaja vifungo, na mvua, na jina la mtu, halafu neno ambalo si Kiteso."

Inspekta hakuvumilia. "Daktari, samahani. Mpaka huu umejaa wapelelezi. Hata mimi nikisema nafuatwa, utaniita mwendawazimu?"

Daktari aliliwaza lile swali kwa heshima. "Hapo ndipo kazi yangu inakuwa ngumu huku kwenu, afande. Mtu wa Malaba akiniambia anaogopa wapelelezi, nitamwamini. Lakini wewe unaweza kuniambia unamshuku nani, na kwa nini, na nikikueleza umekosea unaweza kufikiri tena. Yeye haogopi mpelelezi. Anaogopa mabati na matofali. Na hakimu mwenyewe, anayetakiwa kumsikiliza, naye kwake ni sehemu ya lile ghala."

"Na kama amefundishwa?"

"Inawezekana. Ndiyo maana sitaki kumwona mara moja tu. Nataka kujua alikuwaje kabla. Ana ndugu?"

Alikuwa na mama, naye alikuwa nje, ameketi kwenye majani na kikapu cha viazi vitamu vilivyofunikwa kwa jani la ndizi. Nilipomwita aingie hakuinuka.

"Mwanangu," aliniambia, "yule daktari ni wa serikali?"

"Ndiyo, mama."

"Na polisi ni wa serikali?"

"Ndiyo."

"Basi nitasema nini ambacho mmoja hatampelekea mwenzake?"

Nilimweleza kwamba daktari hatafuti kama mwanawe alichoma. Anatafuta kama anaweza kusimama leo akajua anashtakiwa nini na akajitetea. Alinisikiliza, akiitazama midomo yangu kama nami ni mmoja wa wale waliokuja kumnasa.

"Nikisema ni mgonjwa, mtamfunga wapi?"

"Hospitalini, Nairobi."

"Na nikisema si mgonjwa?"

"Atashtakiwa. Akipatikana na hatia atakwenda jela."

"Kwa hiyo kote ni kufungwa." Mwishowe aliinuka, akaingia na kikapu chake, akasema mbele ya daktari mambo ambayo inaelekea hakuwa amemwambia mtu. Kwamba mwanawe alirudi nyumbani msimu wa kupanda mtama na akakataa kulala ndani, akisema nyasi za paa zinamsema. Kwamba walimpeleka kwa mganga upande wa Tororo, wakarudi bila nafuu. Kwamba yeye mwenyewe alikwenda kwa naibu wa chifu kuomba msaada, akaambiwa mwanawe aache bangi. Hakuwa anavuta bangi. Akarudi Malaba kubeba magunia kwa sababu nyumbani chakula kilikuwa kidogo.

Inspekta alimwuliza maswali mengi, akijaribu kumfumania. Mama alijibu kila moja bila kuinua sauti. Alipomaliza alimgeukia mwanawe na kumwekea kiazi mkononi. Yule mtu alikigeuza-geuza, akakinusa, akamrudishia.

"Siku hizi hali chakula changu mpaka nikionje mbele yake," mama alisema. Alimega, akatafuna, akameza. Ndipo mwanawe akala.

Nilimtazama inspekta wakati huo. Alikuwa anaiangalia sakafu.

Daktari alimwona tena mara nyingine mbili, akiwa na mimi tu na askari. Kisha akaja kortini akasema kwa lugha rahisi kwamba kwa maoni yake mtu huyu anaugua, na kwamba kwa hali aliyonayo hajui maana ya mashtaka wala hawezi kumweleza mtu amtetee vipi. Hakusema kama ana hatia au hana. Aliulizwa na inspekta kama ana hakika kabisa hakuchezewa, naye akajibu, "Kabisa, hapana. Lakini mtu wa kuigiza huchoka. Huyu hachoki." Hakimu akaamuru apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, akitumaini kwamba atapata nafuu arudi kujibu mashtaka.

Malaba walikasirika. Niliambiwa na watu wawili tofauti kwamba nimekula pesa za yule mchukuzi, mtu ambaye hakuwa na hata blanketi. Mlinzi aliyeungua alinikuta barabarani, mikono ikiwa imefungwa kwa bandeji kama watoto wachanga wawili. "Kijana," aliniambia, "mimi nitarudi kwetu na mikono hii. Yeye amepelekwa Nairobi kula mkate." Nilimwambia kesi haijaisha. Alinijibu, "Nyinyi ndio mnasema hivyo," akaenda zake.

Ulipita muda mrefu, karibu tumsahau. Halafu siku moja asubuhi nikamwona amesimama kizimbani.

Alikuwa amenenepa. Uso ulikuwa laini, mikono ikitetemeka kidogo, na alilamba midomo kila mara kama mwenye kiu; nilijua baadaye kwamba ni dawa. Hospitali ilikuwa imesema sasa anaweza kujibu mashtaka. Hakimu hakuliamini hilo kwa macho tu. Alimwuliza, nami nikatafsiri, kama anajua mahali hapa.

"Kortini. Busia."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ndiye utakayenihukumu."

"Umeshtakiwa nini?"

"Kuchoma ghala na kumwunguza mzee. Ni mimi nilichoma."

Inspekta aliinama akamnong'oneza karani, nikasikia, "Mwaona? Alikuwa anajua siku zote." Moyo wangu nao ulisema hivyo hivyo kwa dakika moja, siwezi kukataa. Alikuwa anasema vizuri mno.

Kesi ilisikilizwa. Mashahidi wakaja, na mlinzi akaja akaonyesha mikono yake, iliyokuwa na ngozi ya kung'aa na vidole visivyokunjika. Mshtakiwa aliambiwa anaweza kumwuliza shahidi maswali. Alikuwa sasa mtu anayeweza kujitetea, na hicho ndicho kilichokuwa kimemrudisha pale. Hakuuliza swali. Alisema, "Mzee, sikujua uko ndani. Nilisikia sauti nyingi, yako sikuisikia."

Nilimtafsiria mlinzi kwa Kiluhya cha Bukhayo. Alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

"Mwulize," alisema, "siku ile hakujua, leo anajua. Nani amemfundisha?"

Nilimwuliza. Mshtakiwa alilamba midomo. "Hakuna aliyenifundisha," alisema. "Zilinyamaza. Ziliponyamaza nikaona nilichofanya. Afadhali wakati ule."

Mlinzi alivuta mikono yake akaiweka ndani ya koti.

Daktari wa pwani alirudi kutoa ushahidi, na mara hii aliulizwa swali jingine: siku ya moto alikuwaje? Nilikuwa nimedhani ni swali lilelile. Nilijifunza siku hiyo kwamba kuna akili ya siku ya kosa na kuna akili ya siku ya kesi, na sheria huzipima mbali mbali. Daktari alisema kwamba kwa yale aliyoyasikia kwa mama, kwa mshtakiwa mwenyewe, na kwa jinsi alivyosimama ng'ambo ya barabara akiziba masikio, siku ile hakuwa anajua kwamba anafanya kosa.

Hakimu alisoma uamuzi wake akikohoa. Mshtakiwa alitenda, lakini alipotenda hakuwa na akili timamu. Atawekwa mahali salama mpaka amri ya mkuu wa nchi itakapotoka. Na mahali salama palikuwa hospitali ileile.

Nilimtafsiria. Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa gari limejaa.

Kazi ngumu ilikuwa nje, kwa mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kikapu kikiwa miguuni.

"Nisaidie nielewe," alisema. "Alikuwa mgonjwa, mkakataa kumhukumu."

"Ndiyo, mama."

"Mkamponya ili mumhukumu."

"Ndiyo."

"Sasa amepona, mmemhukumu kwamba alikuwa mgonjwa."

"Ndivyo ilivyo."

"Hilo nililisema kwa naibu wa chifu kabla ya moto." Hakulia. Aliniuliza basi la Nairobi linapita saa ngapi Bungoma, na kama wageni huruhusiwa kupeleka viazi.

Inspekta alihamishwa mwaka uliofuata. Kabla ya kuondoka alipita ofisini kuniaga, nikashangaa. Tulizungumza habari za nyumba na mizigo. Mlangoni aligeuka akasema, "Lile ghala lilikuwa na sukari ya magendo chini ya vitambaa, ulijua? Niliiona siku ya moto, kesho yake haikuwepo." Nilimwuliza kama bado anafikiri mchukuzi alilipwa. "Sijui," alisema. "Inawezekana alikuwa mgonjwa na inawezekana kuna mtu alimpa yale mafuta ya taa." Hilo halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote kortini, na mimi kazi yangu haikuwa kuuliza.

Nilimwona yule mtu mara moja tena, baada ya utawala wa ng'ambo kuanguka na mpaka kuanza kupumua. Nilikuwa nimekwenda Moding kwa mazishi ya shangazi. Alikuwa amepewa ruhusa kurudi nyumbani chini ya ulinzi wa ndugu zake. Mama yake alikuwa hai, amepinda mgongo. Yeye alikuwa anapalilia mihogo, jembe likienda polepole. Alinitambua, akaja mpaka kwenye ua tukapeana mikono.

Nilimwuliza anaendeleaje. Alisema kila mwezi huenda Busia kudungwa sindano, na akichelewa mama yake humtangulia njiani.

"Na majirani?"

"Wananichunga. Nikipita na kiberiti wanahesabu hatua zangu." Alitabasamu kidogo. "Mimi nami nawachunga. Wengine wanasema mambo ya ajabu."

Alisema hayo kwa Kiteso chake kilichonyooka. Nilimtazama nikashindwa kujua kama ni mzaha. Mama yake, aliyekuwa akitusikiliza kutoka kivulini, alimwita akamalizie mstari kabla jua halijakolea, naye akachukua jembe akarudi shambani.